Kipimo Chenye Magoti

Wiki iliyopita prefe wa masomo yetu, yaani mkuu wa shule, alinipa adhabu ya kupiga maharagi. Kosa langu lilikuwa dogo. Nilikuwa nimesimama juu ya dawati nikimwiga anavyopiga chafya, ile chafya yake inayoanza kama pikipiki inayokataa kuwaka na kuishia kama mlango uliobamizwa, na kwa bahati mbaya mwenye chafya alikuwa nyuma yangu, mikono mifukoni, akingoja nimalize. Akanipigia makofi. Kisha akanipa fimbo, akanionyesha lundo la maharagi makavu nyuma ya jiko, na wasichana watatu waliocheka kuliko wengine wakapewa fimbo zao.

Tukapiga. Maganda yakapasuka, vumbi likapanda, na ile harufu ikanifikia. Mtu ambaye hajawahi kulalia maganda ya maharagi hawezi kuijua vizuri. Ni harufu kavu, ya udongo, ya panya kidogo, na nyuma yake kuna utamu fulani kama wa mkate ulioungua upande mmoja. Fimbo ikabaki juu. Machozi yakaanza kunitoka.

"Mumuone!" mmoja akapiga kelele. "Anaiga Masere anasali!"

Wakacheka mpaka wakakaa chini. Sikuwa namwiga mtawa wala mtu mwingine. Lakini ukishazoesha watu kucheka, hata siku ukilia kweli watakuomba urudie.

Kabla ya milima hii tulikuwa watu wa Ntoto, kule Walikale, mahali ambapo msitu unaanzia nyuma ya choo. Mama ndiye wa milima ya Masisi. Papa alikuwa wa msitu, mkulima aliyekuwa pia na mitego yake, na alikuwa na bote nyeusi ambazo soli zake zilikuwa zimelika mpaka zikawa laini kama shavu. Kwa hiyo Papa alikuwa anateleza. Aliteleza kisimani, aliteleza mbele ya kanisa, siku moja aliteleza akiwa amebeba mkungu wa ndizi na akafika chini kabla ya mkungu. Mimi nilikuwa mdogo, na kazi yangu ya kwanza duniani ilikuwa kuiga namna Papa anavyoanguka. Nilikuwa nayo yote: mguu unaokimbia peke yake, mikono inayotafuta ukuta hewani, kishindo, na mwishoni sauti yake yenyewe ikisema kwa heshima kubwa, "Sikuanguka. Nimesalimia udongo." Mama alikuwa anashika tumbo kwa kicheko. Dada yangu Furaha, aliyenizidi miaka sita, alikuwa anasema nimesahau sehemu, ili nianguke tena.

Lakini huyohuyo Papa, msituni, alikuwa mwalimu mkali. Njia ya kwenda Itebero ina magogo yaliyolala katikati, makubwa, na Furaha alijifunza kuruka kwa kumfuata Papa kati ya magogo hayo. Alikuwa na sheria moja. "Usiruke fasi haujaona," alikuwa anamwambia. "Muguu haina macho. Macho njo inatangulia." Kwa sababu nyuma ya gogo kunaweza kuwa na nyoka, ao mtego wa mtu mwingine. Furaha alikuwa anaangalia, kisha anaruka mguu mmoja baada ya mwingine, kama mkasi unaofunguka, na kutua kimya. Mimi nilipitia chini ya gogo kama kuku.

Halafu vita vikafika Ntoto na tukaenda Mweso. Hiyo safari siielezi, kila mtu wa hapa ana ya kwake. Papa alibaki nyuma ili avune mihogo, akasema atatufuata baada ya wiki moja. Wiki ikapita. Tulikuwa tunaishi katika kambi ya wakimbizi, chini ya bashi, ile turubai nyeupe inayolia mvua ikinyesha, siku mtu wa Ntoto alipokuja, akasimama nje na kofia mkononi.

"Mama Furaha," akasema, "kaka yetu alianguka. Ku njia ya Itebero."

Mama akakaa chini, palepale kwenye matope.

"Na bote?" nikauliza.

Nikapelekwa kwa jirani siku mbili. Niliporudi, wanawake walikuwa wametoka, macho ya Furaha yalikuwa mekundu, na mtu mmoja alipotaka kusema neno fulani Mama alimkata. "Ile neno haingie mu nyumba yangu. Sijaona mwili, sijazika muntu. Alianguka. Museme vile."

Wakasema vile. Kwa hiyo nami nikaelewa vile. Papa alikuwa ameteleza, safari hii vibaya, labda mguu umevunjika, na watu wa Itebero walikuwa wanamfunga miti na majani mpaka apone. Nilisikitika kidogo juu ya mguu. Zaidi nilifurahi kwamba atakuja na anguko jipya la kuiga. Nilikuwa namwekea na yangu: anguko la mama mmoja penye bomba la maji, anguko la katekista. Nilikuwa nayapanga kichwani, yasipotee.

Kwenye bomba hilo la maji ndipo Furaha alipoonekana. Walikuwa wamefunga kamba ili watu wapange mstari, na yeye, badala ya kuzunguka, aliiangalia, akairuka na bidoni ya maji mkononi. Mwalimu wa darasa la tano alikuwa amesimama pale. Alikuwa mwanaume mwembamba, Deo jina lake, asiyecheka kabisa, mwalimu wa hesabu ambaye jioni alifanyisha watoto michezo kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka.

"Ruka tena," akasema.

"Juu ya nini?"

"Juu ya kuwa sijaamini."

Akaruka tena. Kesho yake akawa mwanafunzi wa kuruka.

Nyuma ya masomo walisimamisha miti miwili ya mkaratusi yenye misumari, juu yake wakalaza tete. Mahali pa kutua palikuwa magunia ya maganda ya maharagi, ambayo Metre Deo aliomba kwa akina mama baada ya mavuno, akayapanga na kuyafunika kwa bashi kuukuu. Kitu kimoja kilikosekana: kipimo. Futi ya fundi ilikuwa imepotea katika vita, na rula ya darasani ilikuwa imeliwa nusu na mchwa. Metre Deo akatazama huku na huku, akaniona mimi niliyekuja kuchungulia, akanishika mabega na kunisimamisha kando ya mti.

"Huyu harefuke mu mwezi moja," akasema. "Tutapimia huyu."

Kwa Kifaransa mwalimu ni maître na kipimo ni mètre, na katika kinywa chetu vyote viwili ni metre. Kwa hiyo kuanzia siku ile kulikuwa na Metre Deo na kulikuwa na Metre mimi. Jina lilishika kama gundi. Furaha alianza na kidevu changu. Akapita mdomo. Akapita pua, kwa mkasi uleule wa magogo ya Itebero. Na juu ya paji la uso kulikuwa na nywele zangu, zilizofungwa kwa uzi na kusimama kama miiba ya nungunungu.

"Nywele inahesabika?" Furaha akauliza.

"Nywele ya Metre inahesabika," mwalimu akajibu, na uso wake haukusogea hata kidogo.

Kulikuwa na sababu. Kulikuwa na mashindano ya masomo yote ya upande wetu, na msichana mmoja tu ndiye angechukuliwa kwenda Goma kurukia mkoa. Goma kulikuwa na masomo yenye malazi ambayo yaliwapokea watoto wanaoshinda. Furaha alikuwa hasemi, lakini usiku nilihisi miguu yake ikirukaruka kwenye mkeka. Na Metre Deo alikuwa ameshapiga hesabu zake: kwa mkasi, Furaha angefika paji la uso na kukwama. Ili apite nywele ilimpasa ajifunze kuruka mgongo.

Alikuwa ameona namna hiyo kwenye telefone yake yenye kioo kilichopasuka. "Unakimbia kwa kupinda," alimweleza, "kama muntu anazunguka nyumba. Unapiga chini muguu ya inje, halafu unapatia tete mugongo. Kichwa inapita, mugongo, matako. Miguu njo ya mwisho."

"Na macho?"

"Macho inaangalia mbingu."

Furaha akayageukia magunia. "Sasa nitaona namna gani fasi ya kutua?"

"Hautatua. Utaanguka tu."

Uso wa dada yangu ukafunga kama duka. Akaokota kandambili zake akaenda nyumbani, na hakurudi siku tatu.

Sijui nani alimweleza Metre Deo. Nadhani alimtembelea Mama. Furaha aliporudi, mwalimu alitukusanya sote tuliokuwa tunashinda pale. "Hapa hakuna kuanguka," akasema. "Hapa tunalala. Mwenye kusema lile neno lingine atafagia choo." Nikaona ni sheria tamu kuliko zote nilizowahi kusikia. Neno langu, ufundi wangu, limekuwa tusi! Nilikuwa natembea nikilitafuna mdomoni kama pipi iliyoibwa.

Kisha akaanza kumlaza. Siku ya kwanza yeye mwenyewe, na suruali yake ya kwenda kanisani, alisimama mbele ya magunia akajiachia nyuma. Vumbi likatoka pande zote. Akabaki pale amelala na kalamu mfukoni, akisema kwa upole, "Ona. Niko nalala tu." Furaha alikaa ukingoni, akajiegemeza. Kesho yake alichuchumaa. Wiki ikapita kabla hajasimama wima na kujiachia, na hata hapo kila mara shingo yake iligeuka kuangalia nyuma. Mwalimu hakumkaripia hata siku moja. Akishindwa, kosa lilikuwa la tete: "Nililiweka mubaya." Ao la upepo. Na kila jioni, hata kama siku yote ilikuwa takataka, alimwambia aruke mkasi mara tatu, kwenye kidevu changu, mahali ambapo hawezi kukosa. "Mwili inakumbuka kitu ya mwisho," alisema. "Uende nyumbani na kitu ya muntu mwenye anajua."

Na mimi alinipa kazi ya siri. Aliinama kama ananifunga kiatu, akaninong'oneza: "Kunja magoti kidogo. Mu sketi hataona."

Nikakunja. Tete likawekwa kwenye paji la uso langu, paji lililoshuka. Furaha akakimbia kwa kupinda, akatoa mgongo, akapita. Alipoamka kwenye magunia alikuwa na maganda kwenye nywele na macho ya mtu aliyeona jua ndani ya nyumba. Kila wiki Metre Deo alininong'oneza ninyooke kidogo, upana wa kidole, na dada yangu akapanda bila kujua kwamba anapanda. Hatimaye siku moja akasema, "Leo simama wima." Nikasimama. Furaha akapita paji la uso la kweli, kwa mgongo, na hapo mwalimu akamwambia yote. Dada alinifukuza kuzunguka masomo mazima. "Metre wa bongo! Metre wa uongo!" alikuwa anapiga kelele akicheka. "Kipimo gani iko na magoti!" Tulicheka sote. Mimi nilicheka kuliko wote. Nilikuwa sijajua bado kwamba uongo wa kumsaidia mtu nao huacha alama mahali ulipopita.

Siku ya mashindano uwanja wa paroki ulijaa, na magunia yetu yalikuwa yamebebwa mpaka pale. Mwamuzi alikuwa na filimbi na mti wenye alama, lakini Metre Deo aliomba niruhusiwe kusimama kando ya tete.

"Toa huyu mutoto," mwamuzi akasema.

"Huyu haiko mutoto. Huyu ni metre."

Nikaachwa. Masharti: nisiseme neno.

Wengine walibaki njiani mpaka wakabaki wawili, Furaha na msichana mmoja wa Kitshanga mwenye miguu ya korongo. Wote wawili walipita paji langu kwa mkasi. Tete likapanda kwenye nywele. Korongo akajaribu mara tatu, akaliangusha mara tatu. Sasa Furaha akipita mara moja tu, anaenda Goma.

Mara ya kwanza alikimbia, akafika, akasimama. Alikuwa anaangalia magunia. Mwamuzi akahesabu. Mara ya pili vilevile. Nikaona jicho lake likivuka tete kwenda kutafuta mahali pa kutua, kama kwenye gogo. Watu wa masomo mengine wakaanza kuzomea. "Arudi kwa mama yake!" Metre Deo, kwa mbali, alilaza viganja vyake viwili hewani: lala, lala tu. Furaha alikuwa anatetemeka magoti. Hilo niliona mimi tu, kwa sababu macho yangu yalikuwa karibu na magoti.

Nilijua dawa yake. Nilikuwa naijua tangu Ntoto. Kilichomchekesha dada yangu siku zote ni kimoja, na mtu akicheka hatetemeki. Alipoanza kukimbia mara ya tatu, alipopinda vizuri kabisa kama anazunguka nyumba, nikapaza sauti yangu yote:

"Dada! Anguka kama Papa! Papa si ataamuka tu!"

Watu wa Ntoto waliokuwa pale walinyamaza kwa mara moja. Furaha alikuwa ameshaacha ardhi. Mgongo ulikuwa juu ya tete, umepinda, mzuri, na katikati ya hewa kichwa chake kikageuka. Kunitafuta mimi, kutafuta chini, sijui. Mwili ukafuata kichwa. Akapitiliza pembeni ya magunia na kufikia mkono. Sauti ilikuwa ndogo sana, kama ganda moja la haragi.

Na tete lilitikisika, likatulia juu ya misumari.

Nililiona. Nilikuwa nimesimama nalo bega kwa bega. Lilikaa, nikahesabu kichwani moja, mbili, tatu. Kisha watu wakakimbilia Furaha, mama mmoja akagonga mti, na tete likadondoka pamoja na mti wake. Nikamvuta mwamuzi suruali. "Ilibaki! Alipita! Ilibaki!"

"Weye mutoto," akasema, "hautoshekaka na kuchekesha batu?"

Hospitali walimfunga platre, ile plasta ngumu, kutoka kiganjani mpaka begani. Muuguzi aliuliza namna gani ilitokea, na Mama akasema, "Alianguka," halafu akaziba mdomo wake kwa kitenge na kwenda dirishani. Mimi nilikaa kitandani kwenye miguu ya Furaha. Nilitaka kumtuliza.

"Usiogope," nikamwambia. "Papa naye alianguka. Siku moja mutaamuka nyote wawili."

Alinitazama. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniogopesha.

"Metre," akasema polepole, "weye haukujuaka?"

"Kujua nini?"

"Walimupiga risasi. Ku njia ya Itebero. Kuanguka njo ile."

Nikamwangalia Mama mgongoni. Hakugeuka, hakumkata Furaha. Lile neno lilikuwa limeshaingia na sasa lilikuwa limekaa pamoja nasi. Kitu nilichofikiria, na sijawahi kukisema mpaka leo ninapoandika, ni yale maanguko niliyokuwa nimemwekea. La bomba la maji. La katekista. Nilikuwa nayo kichwani kama ishirini, yamepangwa vizuri, na hayakuwa na mwenyewe tena. Watu wengine walikuwa wamelia miezi mingi nyuma. Mimi nikaanza siku ile, peke yangu, nimechelewa kama mwanafunzi anayeingia wenzake wakitoka.

Metre Deo alikuja jioni na ndizi mbivu. Akasimama karibu na kitanda. "Kosa ni ya tete," akasema. "Nililiweka mubaya."

"Alipita," nikasema. "Dada, ulipita. Ilibaki juu. Mimi niliona."

Furaha akafunga macho. "Sawa, Metre."

"Kweli ya Mungu!"

"Nimesema sawa. Leo ulikuwa umekunja magoti kiasi gani?"

Nikamgeukia mwalimu anisaidie. Lakini yeye hakuwa ameliona. Alikuwa mbali, na mbele yake kulikuwa na vichwa. Akanitoa nje mpaka kwenye ukuta. "Ilibaki kweli?" Nikamwapia kwa Papa, nikaapa tena. Metre Deo akavua kofia, akaivaa, akaivua. "Hatatuamini," akasema. "Si weye, si miye. Miye njo nilikufundisha." Ndiyo mara pekee nilipoona uso wake ukisogea.

Alijaribu. Platre ikiwa bado mkononi, alimwita Furaha uwanjani, akaweka tete kwenye goti langu. Kwenye goti! "Mukasi tu," akasema. "Hata kutembea." Furaha alikuja mara mbili kwa heshima, akasimama, akaangalia, akazunguka tete kama mtu anavyozunguka matope. Mara ya tatu hakuja. Alikuwa anaruka tangu anajua kutembea, na sasa hata kamba ya bomba alikuwa anapitia pembeni, kwenye mstari, nyuma ya vikongwe. Mimi nami niliacha kuiga. Nilikuwa natembea nikiangalia miguu yangu.

Kisha milio ya bunduki ikasogea Mweso, na mji ukaanza kumwagika njiani. Asubuhi ile tuliyoondoka tulipita nyuma ya masomo. Metre Deo alikuwa amepiga magoti kwenye magunia, anakata ile bashi vipande na kuwapa watu waliokuwa hawana cha kujifunika. Maganda yalikuwa yamemwagika, upepo unayachukua, na harufu yake ilitufuata mpaka kilimani. Alimpungia Furaha kwa viganja viwili, akivilaza hewani. Sijamwona tena. Wengine wanasema yuko Pinga, wengine Goma. Sijasikia mtu akisema ameanguka, na mimi siulizi.

Mbele kidogo barabara ilikuwa imekatwa na maji, na tukalazimika kushuka ukingo wa udongo mrefu kuliko mtu. Mama alishuka na mizigo. Furaha alishuka kwa makalio. Mimi nikabaki juu. Zamani ningeshuka kwa kugaagaa na kuomba watu makofi. Siku ile miguu ilikataa. Niliangalia chini, nikaangalia tena, na kila nilipoangalia palikuwa mbali zaidi. Watu nyuma yangu wakaanza kunisukuma.

"Geuka," Furaha akasema kutoka chini. "Nipatie mugongo."

"Siwezi."

"Usiangalie. Lala tu. Miye niko."

Nikageuka. Mbele yangu nikaona uso wa mama nisiyemjua, na ndoo kichwani. Nikalala. Dada yangu alinipokea kwa mikono yote miwili, wa kweli na wa platre, na platre ikapasuka mgongoni kwangu. Tukaingia matopeni pamoja. Alitoa sauti moja tu, kupitia meno. Mpaka tunafika kwa ndugu za Mama, huku juu Masisi, ile platre ilikuwa imelowa na kudondoka vipandevipande njiani, na mkono ukaungana ulivyotaka wenyewe. Haunyooki. Anakamulia ng'ombe wa mjomba kwa mkono mmoja na nusu, na ana mtoto wa kiume anayeruka kila kitu. Anapomwona anaruka, anaingia ndani.

Ile siku ya maharagi nilifika nyumbani na maganda kwenye sweta. Furaha alikuwa mlangoni anachambua mboga. Akanusa. Mikono yake ikasimama.

"Umelala wapi?" akauliza.

"Adhabu. Nilimwiga prefe." Halafu nikaona kwamba nimechoka kuchekesha. "Dada. Lile tete ilibaki. Nimekuambia ku hospitali, nimekuambia kila mwaka. Nilihesabu mpaka tatu."

Akaweka mboga chini, akanivuta sweta mpaka kwenye mwimo wa mlango na kunisimamisha mgongo kwenye mti, kama zamani. Mimi sasa nimempita kwa kichwa kizima. Ikabidi anyooshe mkono mzima kunifikia nywele, na hata hapo alisimama kwenye vidole.

"Sasa hakuna muntu anaweza kukuruka, Metre," akasema.

Nikacheka, kwa mazoea. Yeye hakucheka. Aliinama, akapitisha ule mkono usionyooka chini ya sketi yangu ya masomo, akashika goti moja, akahamia la pili, akikandamiza kwa dole gumba, polepole, kama mwamuzi ambaye hapendi kudanganywa. Nilisimama wima mpaka mishipa ikaniuma.

"Leo iko wima," akasema.

Akarudi kwenye mboga zake. Juu ya siku ile ya mashindano hakusema kitu.